Hakimu akikuta nyayo za muuaji zinaishia mlangoni kwa baba yake, aseme au anyamaze?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo nimelala nalo siku tatu, nalileta hapa tujadiliane.

Mnaofuatilia tamthilia za upelelezi za Kichina, hasa zile za enzi ya Tang, nasaba iliyotawala China miaka ya 618 hadi 907, mnajua hadithi hufika wapi. Hakimu anaanza na maiti sokoni Luoyang. Anafuata nyayo hadi kwa mfanyabiashara wa hariri, kwa tabibu, kwa mtumishi wa kasri, na mwisho nyayo zinaingia kwenye uwanja aliokulia yeye mwenyewe. Tulipofika hapo nyumbani kwetu, watu waligawanyika. Kaka yangu alisema akinyamaza si hakimu tena, ni mshirika wa mauaji. Shangazi akajibu kwa neno moja: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

Mimi niko upande wa shangazi, na sababu yangu imo ndani ya sheria ya Wachina wenyewe.

Sheria ya Tang, iliyotolewa pamoja na ufafanuzi wake mwaka 653, iliruhusu waliokaa nyumba moja na ndugu wa karibu kufichiana makosa. Mtoto aliyekwenda kumshitaki baba au mama yake, hata kama shitaka lilikuwa la kweli, adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Mizizi ya jambo hili ni ya zamani kuliko Tang. Zaidi ya miaka 1000 kabla, mtawala mmoja alimwambia mwanafalsafa Confucius kwamba kwao kuna mtu mnyofu sana, baba yake alichukua kondoo asiye wake na mtoto akatoa ushahidi. Confucius akasema kwao unyofu ni mwingine: baba humsitiri mtoto, mtoto humsitiri baba, na unyofu umo humo humo.

Lakini sheria hiyo iliacha tundu moja. Kosa likiwa ni kupanga kumpindua mfalme, kubomoa mahekalu na makasri yake, au kuhamia kwa adui, kusitiriana kunakoma. Hapo ndugu analazimika kusema. Na mtu akipatikana na hatia ya kutaka kupindua, familia nzima inaangamia naye: baba yake na wanawe waliofika miaka 16 wananyongwa, wanawake na watoto wadogo wanafanywa watumwa wa serikali.

Sasa jiwekeni mahali pa mtu mwenye fitina ndani ya kasri. Unataka kummaliza mpinzani wako. Ukimzushia wizi, nyumba yake itafunga midomo na sheria itawalinda. Ukimzushia uasi, paa lote linang'oka kwa siku moja: mke, mtoto, mpwa, wote wanageuka mashahidi au maiti. Ndiyo maana kila fitina katika tamthilia hizi huishia kwenye neno hilo. Watunzi hawakuishiwa mbinu. Ndivyo mlango ulivyojengwa.

Nawapa kisa cha kweli, kwa sababu shujaa wake ni mmoja wa mahakimu wa China wanaoigizwa sana: Di Renjie.

Mwaka 692 Wu Zetian alikuwa ameketi kitini kwa jina lake mwenyewe miaka miwili, mwanamke pekee katika historia ya China aliyetawala kwa cheo cha mfalme. Tangu 686 palikuwa na sanduku la shaba la kutilia mashitaka, na mtu yeyote aliyesema anakwenda kufichua uasi alipewa farasi na chakula cha njiani. Aliyekutwa amesema uongo hakuguswa. Katika hewa hiyo aliinuka Lai Junchen, mtesaji ambaye hata watesaji wenzake walimwogopa. Alimshitaki Di Renjie na maofisa wengine sita kwa uasi.

Di Renjie alikiri papo hapo. Anayekiri mara ya kwanza alipunguziwa adhabu, na asiyekiri alikufa chini ya kipigo kabla ya hukumu. Akiwa kizuizini alichana kitambaa cha matandiko, akaandika malalamiko yake, akakishona ndani ya nguo yake ya pamba, kisha akamwomba mlinzi aipeleke nyumbani ili pamba itolewe. Mwanawe Guangyuan alikuta maandishi, akayabeba mpaka kwa Wu Zetian.

Wu Zetian alituma mtu kwenda kutazama. Mjumbe yule alimwogopa Lai Junchen kiasi kwamba alifika pale asithubutu hata kuwaangalia wafungwa usoni. Lai Junchen naye akaghushi barua za wale saba, eti wanashukuru kuuawa.

Aliyewaokoa alikuwa mtoto wa chini ya miaka 10. Baba yake, waziri Le Sihui, alikuwa ameshauawa, na mtoto amefanywa mtumwa wa serikali kwa sheria ile ile niliyoitaja. Alipata nafasi ya kusema mbele ya Wu Zetian. Alimwambia: baba yangu amekufa na nyumba yetu imekwisha, sina la kuomba. Lakini chagua ofisa unayemwamini kuliko wote, mzushie uasi, mkabidhi kwa Lai Junchen, uone kama hatakiri. Wu Zetian akamwita Di Renjie, akamuuliza kwa nini alikiri. Akajibu: nisingekiri ningekuwa nimeshakufa kwa kipigo. Kuhusu barua ya shukrani akasema hajawahi kuiandika. Saba wale hawakuuawa, ila walishushwa vyeo na kupelekwa mbali. Di Renjie alikwenda kuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Pengze.

Na sasa mtu wa tatu, ambaye ndiye hasa kaniletea mjadala huu. Mmoja wa wale saba, Cui Xuanli, alikuwa na mpwa, mtoto wa dada yake, anaitwa Huo Xianke. Mpwa huyu alikuwa na cheo barazani. Alimwambia Wu Zetian: usipomuua mjomba wangu, nitakufa hapa mbele yako. Akagonga kichwa kwenye ngazi za kasri mpaka damu ikamwagika, aonyeshe kwamba mtumishi wa kiti hana upendeleo kwa ndugu. Wu Zetian hakumkubalia. Baadaye jamaa alikuwa akifunga jeraha kwa kitambaa cha kijani na kuacha kipande kionekane chini ya kofia, mfalme akipita akione.

Mtoto aliyebeba nguo ya baba, yatima aliyesimama kwa ajili ya wasio ndugu zake, na mpwa mwenye kitambaa cha kijani. Ninyi mnaosema hakimu lazima amtaje baba yake, mnamtaka awe nani kati ya hawa?

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu, shikamoo kwa utafiti, lakini umemsahau aliyekufa.

Umetuchagulia kesi ambamo mshitakiwa hana kosa. Hapo kila mtu atakuwa upande wa familia. Rudi kwenye swali ulilolianzisha: maiti iko sokoni, baba ameua kweli. Yule marehemu naye hana mama? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyo mzazi anasubiri hukumu kwa hakimu anayejua jibu na kunyamaza.

Tena hiyo sheria uliyoisifia, isome mpaka chini. Mtumwa aliyemshitaki bwana wake kwa kosa lisilo uasi, naye alinyongwa. Kijakazi anaona bibi yake akitia sumu kwenye uji, anaambiwa na sheria afunge mdomo. Huo si undugu. Hana undugu wowote na mtu huyo. Ni ngome ya wenye nyumba kubwa, na wenye nyumba ndogo hawana ngome.

Na huyo Wu Zetian mwenyewe, ukoo ulimsaidia nini aliyezaliwa naye au aliyezaliwa na yeye? Mwaka 654 binti yake mchanga alikufa ghafla na lawama ikamwangukia mke mwenzake, Malkia Wang. Vitabu vya historia vya baadaye vinasema mama ndiye aliyemuua. Mwanawe Li Hong, mrithi wa kiti, alikufa ghafla mwaka 675 na watu wakanong'ona sumu. Mwanawe wa pili, Li Xian, akaondolewa kwenye urithi mwaka 680, na 684 akalazimishwa kujiua. Ndani ya nyumba hiyo kimya kilikuwa silaha. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mleta mada

Dada, nakubali kuhusu mtumwa. Hapo sina la kujitetea, na nilifanya vibaya kuipita sehemu hiyo.

Ila umemtaja Li Xian, na Li Xian yuko upande wangu. Aliondolewa kwa shitaka gani? Walikuta mamia ya mavazi ya vita kwenye zizi la farasi wake, wakaita uasi. Baba yake, mfalme Gaozong, alimpenda na alitaka kumsamehe. Aliyekataa ni mama. Alisema mtoto mwenye njama za uasi hata mbingu na ardhi hazimvumilii, na kwamba haki kubwa hukata undugu, atasamehewaje? Sikiliza maneno hayo vizuri. Ni ya kaka yangu pale sebuleni. Ni ya yule mpwa mwenye kitambaa. Mama alipotaka kummaliza mtoto wake hakutumia lugha ya ukoo, alitumia lugha ya haki.

Kuna shairi fupi linalonasibishwa na Li Xian, la matikiti yaliyoiva shambani: ukichuma moja mengine yanastawi, la pili yanapungua, na ukizidi kuchuma utarudi nyumbani na mashina matupu. Kila nikilikumbuka namwona kijana anayemwambia mama yake jambo ambalo hawezi kulisema waziwazi.

Mchangiaji, msomaji wa sheria

Nyote wawili mnapigana juu ya nusu ya fikra za Wachina. Nusu nyingine iko kwa Mengzi, mwanafalsafa aliyefuata mafundisho ya Confucius.

Aliulizwa: mfalme Shun yuko kitini, Gao Yao ndiye hakimu, na baba yake Shun ameua mtu. Itakuwaje? Mengzi akasema Gao Yao amkamate tu. Je, Shun asimzuie? Akasema atamzuiaje, hakimu ana mamlaka yake halali. Basi Shun afanye nini? Aache ufalme kama mtu anayetupa kandambili iliyochakaa, ambebe baba yake mgongoni kwa siri, akimbilie ufukweni mwa bahari, akaishi huko kwa furaha na kuisahau dola.

Kwangu mimi hilo ndilo jibu. Kumsitiri mzazi unaruhusiwa. Kumsitiri kwa kutumia kiti cha umma huruhusiwi. Hakimu wa tamthilia yenu anakosea anapobaki na kofia ya uhakimu huku ameficha ushahidi mfukoni.

Na msidhani ni mambo ya kale. China ilipobadilisha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai mwaka 2012, iliweka kwamba mume, mke, mzazi na mtoto wa mshitakiwa hawalazimishwi kufika mahakamani kutoa ushahidi. Ni kipande kidogo tu cha ile sheria ya 653, lakini kimerudi.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Kilichofanya kirudi si vitabu peke yake. Mwaka 1970, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kijana wa miaka 16 katika jimbo la Anhui alimshitaki mama yake kwa maneno aliyoyasema ndani ya nyumba dhidi ya Mwenyekiti Mao. Mama alipigwa risasi. Mwaka 2013, akiwa mtu mzima, alijitokeza hadharani kuomba radhi na kutaka kaburi la mama yake lihifadhiwe. Nilisoma habari hizo nikashindwa kula. Sina la kuongeza.

Mchangiaji, Mombasa

Inauma, na sibishani nayo. Lakini mama yule hakuua mtu. Mnaendelea kunipa wasio na hatia.

Nimempenda Shun wa Mengzi, ila nina swali. Shun yuko ufukweni na baba yake, wanaishi kwa furaha. Aliyeuawa amezikwa na nani? Watoto wake wanakula nini? Hadithi haimtaji hata kwa jina.

Mleta mada

Haimtaji, kweli. Umenibana hapo, na nimekaa na swali lako tangu asubuhi.

Nitasema ninachoweza kukisimamia. Hakimu wetu avue kofia siku hiyo hiyo anapokuta nyayo mlangoni kwao. Aseme mbele ya baraza kwamba kesi hii haimfai, apewe mwingine, na asiguse ushahidi hata uzi mmoja. Kisha arudi nyumbani awe mtoto. Mwenye marehemu atapata hakimu asiye na deni, na baba atapata mtu wa kumpelekea nguo gerezani. Simtaki hakimu awe Huo Xianke, na kwa kweli sidhani hata wewe unamtaka.

Tena tusisahau Di Renjie alikuja kufanya nini baadaye. Alirudishwa mjini, na Wu Zetian alipokuwa anapima kama kiti kiende kwa mpwa wake wa ukoo wa Wu au kwa mtoto wake wa kumzaa, Di Renjie alimwambia: mtoto akiwa mfalme atakutolea sadaka katika hekalu la mababu, sijawahi kusikia mpwa akiwa mfalme akamweka shangazi yake hekaluni. Mwaka 698 mwanawe mwingine, si Li Xian, aliyekuwa ameondolewa kitini tangu 684 aliitwa kurudi. Hakimu aliyeponea kwenye mikono ya mwanawe aliokoa nasaba ya Tang kwa hoja ya mama na mtoto.

Mchangiaji, Mombasa

Kofia avue, nakubali. Hapo tumekutana.

Lakini huyo hakimu mwingine anayepewa kesi, akiwa ni Lai Junchen?

Mleta mada

Basi hapo, dada, ningeficha maandishi kwenye pamba ya nguo na kumwomba Mungu nyumbani awepo mtu wa kuifumua.