Filamu ya bajeti ndogo ipeleke skripti jeshini ili ipewe helikopta?

Mleta mada:
Wakuu, kisa mnakijua: chombo cha viumbe wa sayari nyingine kinaanguka jangwani, jeshi linakibeba usiku na kuificha injini yake chini ya ardhi. Anayetaka kukifanya kisa hicho filamu ya bajeti ndogo hana hela ya kifaru hata kimoja. Marekani kuna mlango. Unapeleka skripti Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, wakiikubali unapata askari, kambi na ndege, unalipia gharama za ziada tu kama mafuta. Kisichowapendeza wanataka kibadilishwe.

Mimi nasema asiende. Watayarishaji wa Independence Day, filamu ya 1996 ya uvamizi wa viumbe wa sayari nyingine, walitakiwa kuiondoa Area 51, kambi ya siri ya jangwani Nevada, kwenye hadithi. Wakagoma, jeshi likajitoa. Na eneo hilo CIA ilikuja kulikiri waziwazi 2013, katika nyaraka ilizotoa yenyewe! Ukiiruhusu taasisi ikuharirie hadithi inayoihusu, umebaki na tangazo la kuajiri askari.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mfano wako unakuumbua. Ile ilikuwa filamu ya dola milioni 75, ikinyimwa ndege inajitengenezea za bandia. Mwenye laki mbili afanye nini? Atavalisha rafiki zake magwanda ya kukodi, awape bunduki za mbao, na pale mtazamaji alipotakiwa kuogopa atacheka. Kubadilisha mistari mitatu si kuuza roho.

Mchangiaji wa pili:
Samahanini, nyote mmedhani jeshi linaumizwa na visa hivi. Hivi nani alitangaza "kisahani kinachoruka" cha Roswell, mji wa New Mexico, mwaka 1947? Jeshi lenyewe, kisha likageuka haraka na kusema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 Jeshi la Anga likaeleza kwamba mabaki yale yalitokana na mradi wa siri wa maputo ya kunasa dalili za majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Hizo nyaraka za 2013 nazo zinasema safari za majaribio za ndege ya ujasusi ya U-2 ziliongeza taarifa za watu kuona vitu vya ajabu angani. Watu wakitazama juu wakitafuta viumbe, nani ataiuliza bajeti ya ndege mpya? Filamu ndogo yenye hasira inaweza kuwafanyia kazi bure, skripti bila kupita kwao.

Mleta mada:
Hilo la mwisho nalikubali nusu, maana hadithi mbovu ni mbovu hata ikiwa huru. Ila bunduki za mbao hapana. Filamu ya Monsters ya 2010 iligharimu chini ya dola nusu milioni, na mwongozaji wake Gareth Edwards alitengeneza ifekti zake mwenyewe kwa kompyuta. Jeshi halihitaji kujaa kwenye kioo. Kibao cha onyo, uzio na mlio wa ndege vinatosha.

Mchangiaji wa kwanza:
Edwards ifekti ndiyo ilikuwa kazi yake kabla hajawa mwongozaji, mkuu. Asiyezijua unamshauri nini?