Tupeane uzoefu: uliwahi kuambiwa "tia sahihi tu", ukafanyaje?

Karani wa Rongai
Jana kwenye matatu ya Rongai niliketi na kijana wa uhasibu, mwezi wake wa tatu serikalini. Akaniuliza: mkubwa akikuamuru ulipe kitu kisicho na karatasi, unafanyaje? Nilimpa ya kwangu, sasa nataka ya kwenu. Msitaje majina wala ofisi.

Nianze. Ilikuwa Juni, na mnajua Juni ilivyo, mwaka wa fedha wa serikali unaisha, kila pesa inatafuta mlango kabla ya tarehe 30. Mkubwa akaniletea vocha ya semina ambayo hakuna aliyeihudhuria. "Tia sahihi, amri imetoka juu." Nikamwambia, "Sawa mkubwa, niandikie hiyo amri humu ndani ya faili, uweke na tarehe." Akanitazama kama nimemtukania mama. Hakuandika. Vocha ikakaa mezani mpaka Julai, ikafa yenyewe. Wala sikuwa shujaa. Nilikuwa nimesoma Kifungu cha 226(5) cha Katiba ya Kenya: ukiidhinisha matumizi ya pesa za umma kinyume cha sheria, hasara unailipa wewe, hata kama umeshaacha kazi. Niliogopea kiinua mgongo changu.

Mzee wa Kaloleni
Nyinyi mmeyakuta mazuri. Enzi zetu, saa saba mchana ofisi nzima inanyamaza kusikiliza redio. Mtu ametoka nyumbani asubuhi na gari na dereva, taarifa ya habari inamkuta kantini ameshafutwa. Barua hakuna. Mwaka 1986 Katiba ilibadilishwa, Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi wa Hesabu wakaondolewa ulinzi wa kazi, yaani kinga ya kutofutwa ovyo. Mwaka 1988 ikawa zamu ya majaji na makamishna wa Tume ya Utumishi wa Umma. Ulinzi ulirudishwa 1990. Sasa niambie, kama jaji mwenyewe hana wa kumtetea, karani atakimbilia wapi?
Mimi nilitia sahihi. Mara mbili. Nilikuwa na watoto watano, na hata wao sijawahi kuwaambia.

Nyakati za Stoo
Yangu ni nyepesi. Mwaka 2023 waliapishwa mawaziri wasaidizi 50, ilhali wananchi walikuwa wameulizwa maoni kuhusu nafasi 23 tu. Niliambiwa nitafute meza na kiti cha mmoja wao. Kabla sijapata meza ya kufaa, Julai 3 Mahakama Kuu ikasema nafasi zile ni kinyume cha Katiba. Kiti kile ninakikalia mimi.

Binti Eastlands
Nilikataa kubadilisha alama za usaili. Mtoto wa mtu alikuwa wa 11, wanatakiwa watatu. Wiki mbili baadaye, barua: uhamisho, Lodwar kule Turkana, "kwa manufaa ya utumishi". Kifungu cha 236 cha Katiba kinasema usionewe kwa kufuata sheria, usifutwe wala usishushwe cheo bila utaratibu. Sikufutwa, sikushushwa, nilihamishwa tu! Wakili mmoja wa Milimani akaniambia kesi ninayo, kisha akanitajia ada yake. Nikafunga godoro. Samaki wa Turkana ni watamu, hilo siwezi kukana.

Dereva wa Umoja
Samahani wakubwa, na sisi wa nje ya dirisha? Karani alinizungusha miezi minne, kila nikienda "sheria hairuhusu". Kumbe sheria yenyewe ilikuwa shilingi 500. Mtumishi asisukumwe na wanasiasa, sawa. Mimi nikisukumwa na mtumishi, nimlilie nani?

Karani wa Rongai
Dereva, hapo umetushika pabaya. Nimefanya kazi na watu waliojificha nyuma ya sheria ile ile niliyoitumia kujikinga. Kesi yako ingekuwa na karatasi ungeipeleka kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma, lakini shilingi 500 haitoi risiti.
Binti Eastlands, yule wa 11 aliishia wapi?

Binti Eastlands
Nilirudi Nairobi mwaka jana. Ndiye bosi wangu. Ananiita dada, na kila faili ananiletea mimi kwanza nilikague kabla hajatia sahihi.