DVD ya papeti kutoka Marekani, flashi ya mtaani au YouTube? Nataka ya mtoto kuonyesha wenzake michoro

mama_wawili_Lanet:
Habari zenu wadau. Shemeji yangu anarudi kutoka Marekani Jumamosi. Ameona dukani DVD ya papeti ya watoto, ile ya kufundisha mtoto kushiriki michoro yake na marafiki, na anauliza kama ainunue. Jamaa wa muvi hapa steji naye amesema ataniwekea flashi nzima ya papeti kwa mia mbili. Bwana yangu anasema YouTube iko, tuache kusumbua watu. Ipi bora? Nataka kumjibu shemeji leo.

fundi_wa_skrini:
Bora kwa nini sasa? Una deki ama huna? TV ni ya kichogo ama bapa? Ina tundu la flashi? Mtoto ana miaka mingapi? Umeuliza nauli bila kusema unaenda wapi.

shangazi_Kakamega:
Mwekee kitu cha Kiswahili, dada yangu. Hao papeti wa Marekani wanaongea Kiingereza cha puani, hata mimi huwa naachwa. Ubongo Kids ya Tanzania iko, na Akili Kids ni chaneli nzima ya watoto tangu 2020, unaipata bila kulipa mwezi kwa mwezi. Wapwa zangu walijua kuhesabu kwa Kiswahili kabla hawajaingia PP1, darasa la kwanza la chekechea.

fundi_wa_skrini:
Shangazi, Ubongo ni katuni. Ameuliza papeti.

shangazi_Kakamega:
Mtoto anajua tofauti?

baba_mapacha_58:
Anajua sana. Wangu walikuwa wanaangalia nyuma ya TV kutafuta mkono wa mtu.

JamaaWaKondele:
Mama wawili, kaa mbali na flashi ya mtu wa steji. Ngoja nikuambie yaliyonipata, na wala sitanii.

Kijana wangu alikuwa anafikisha miaka mitano. Nikapitia kibanda kimoja cha muvi hapa Kisumu, sitataja ni kipi, nikaona diski ina picha ya papeti wa kijani na wa njano wamekumbatiana. Juu imeandikwa kumi na mbili kwa moja. Shilingi mia. Nikaona nimeokota. Siku ya keki nyumba imejaa, watoto wa ploti nzima wameketi kwa mkeka, mama yangu ametoka Ugenya, na pasta amekuja kuombea mtoto. Nikaweka diski. Ya kwanza poa kabisa, papeti wanahesabu ndizi. Ya pili ikakwama, kondoo amefungua mdomo na hafungi. Nikafuta kwa shati, nikaruka hadi ya tatu, nikatoka kuongeza soda.

Nikirudi nasikia watoto wanacheka kicheko ambacho si cha ndizi. Kwa skrini kuna papeti wa wanasiasa. Mmoja ana tumbo kama gunia la mahindi, anamtusi mwenzake matusi ya mkutano wa jioni. Mama yangu anauliza kwa sauti, "Huyu si yule mheshimiwa wetu?" Pasta anaangalia keki. Natafuta rimoti, rimoti imekaliwa na mtoto wa jirani. Nikang'oa waya ukutani.

Jumatatu mwalimu akaniita shuleni. Kijana amemwita mwenzake jina la yule wa tumbo. Nikarudi kwa kibanda nikiwa moto. Jamaa akaniangalia tu, akasema, "Kaka, papeti ni papeti. Ulisema ni za watoto?"

Na kusema ukweli, sikuwa nimesema.

baba_mapacha_58:
Nimecheka hadi konda ameniangalia. Lakini papeti za siasa si kosa, XYZ Show ilianza 2009 na watu wazima tulikuwa tunaingoja wiki nzima. Shida ni wewe kununua diski kwa kuangalia sura.

JamaaWaKondele:
Keki nayo nilichagua kwa sura, na ilikuwa tamu.

mwalimu_mstaafu_Bungoma:
Hamjambo. Mimi nataka kurudi kwa swali la mama. Umeandika "kushiriki michoro na marafiki". Kushiriki ni nini hapo? Kuna kumwonyesha mwenzako picha kisha unairudisha kwa begi. Kuna kumpa kabisa, aende nayo kwao. Na kuna kuchora pamoja karatasi moja, mmoja jua, mwingine nyumba. Kizungu kimeyatia yote chungu kimoja. Mtoto anayekataa la pili si lazima awe anakataa la kwanza. Wako anakataa lipi, na hiyo video inafundisha lipi?

shangazi_Kakamega:
Mwalimu naye. Tuko kwa DVD, wewe uko kwa ngeli.

mama_wawili_Lanet:
Poleni, nilikuwa kazini. Haya: ni msichana, miaka mitano na nusu, yuko PP2. TV ni bapa ya inchi 32, ina tundu la flashi. Deki tunayo lakini ya zamani, ya kampuni ya maana, si zile za mchina. Shemeji anasema kwenye hiyo DVD kuna papeti anachora, wenzake wanataka kuona, anaficha, mwishowe wanabandika zote ukutani.

Huyu wangu naye anaficha chini ya godoro. Juzi nilipogeuza godoro nilihesabu karatasi 31, nyingine zimeshikana kwa mkojo wa mdogo wake. Shuleni walimbandikia moja ukutani, akaivuta ikararuka, akaitia kwenye soksi akaja nayo nyumbani. Mwalimu wake anasema ana uchoyo. Muhula huu kuna siku ya wazazi na kila mtoto lazima abandike kitu.

fundi_wa_skrini:
Hapo sasa umeongea. Sikiliza vizuri kabla shemeji hajalipa.

DVD nyingi za kampuni zimefungwa kwa kanda za dunia. Marekani ni kanda ya 1. Kenya tuko kanda ya 5. Ulaya ni 2, na Afrika Kusini wako huko pia. Deki ya kampuni ya maana ndiyo hasa inakataa, itakuandikia kanda si sahihi na kutema diski. Deki ya mchina mnayoidharau mara nyingi inakula kanda zote bila kuuliza. Kuna deki zinafunguliwa kwa rimoti, unabonyeza nambari fulani kwa mpangilio, inategemea modeli. Ukitumia laptopu, ile sehemu ya diski inakubali kubadilishwa kanda mara tano tu. Ya tano ndiyo inabaki hapo milele.

Halafu picha za Marekani ni mfumo wa NTSC, sisi ni PAL. TV bapa haisumbui. Zamani za kaseti za VHS ndiyo ulikuwa unaletewa zawadi, picha inakuja nyeusi na nyeupe na inapanda juu kama lifti.

baba_mapacha_58:
Kwa hivyo YouTube. Bwana yako alisema mapema.

fundi_wa_skrini:
YouTube bando linaisha, na ikimaliza moja inaruka yenyewe hadi nyingine. Ukirudi kutoka kwa jiko unapata mtu anafungua mayai ya chokoleti. Ukiitaka, zima hiyo ya kuruka na uketi naye.

mwalimu_mstaafu_Bungoma:
Mama, samahani, nitaandika kidogo. Nilifundisha wadogo miaka mingi. Ukutani kwangu hakukuwa na kubandikiwa. Nilifunga kamba ya katani kutoka dirishani hadi mlangoni, na vibanio vya nguo kwenye kopo. Mtoto anajichagulia mwenyewe, leo natundika ama situndiki. Kulikuwa na kijana alikuwa anatundika picha imeangalia ukuta. Kila siku. Wenzake wanaona mgongo wa karatasi tu, na jina lake. Nilimwacha. Karibu muhula uishe nikaingia asubuhi nikapata ameigeuza. Ilikuwa baiskeli yenye spoku nyingi ajabu, alikuwa amezihesabu.

Nani alicheka picha ya mtoto wako?

shangazi_Kakamega:
Kwani lazima kuna mtu alicheka? Watoto wengine ni wachoyo tu, hata mandazi wanakula kwa choo.

mama_wawili_Lanet:
Mwalimu umejuaje? Ni binamu zake, Desemba, kwa shosho. Alichora kuku mwenye miguu minne. Binamu wakaimba "kuku ng'ombe, kuku ng'ombe" hadi Krismasi. Sikuunganisha hayo mambo hadi uliposema. Na mimi pia nilicheka, si sana.

baba_mapacha_58:
Basi mtoto si mchoyo, ameumwa na nyoka anaogopa ung'ongo. Na tuambiane ukweli, kuna mtu hapa anabandika pesilipu yake ukutani? Mtoto akitaka kuficha afiche. Ni mali yake.

JamaaWaKondele:
Siku ya wazazi je? Atasimama pale ukuta mtupu?

baba_mapacha_58:
Abandike mgongo wa karatasi.

shangazi_Kakamega:
Hapo ndipo papeti anasaidia. Mtoto anaona papeti naye anaficha, papeti naye anachekwa, anajua hayuko peke yake. Hilo katuni ama DVD ama soksi inafanya. Chukua soksi moja iliyopoteza mwenzake, shona vifungo viwili viwe macho, umwongeleshe nayo jioni. Bure kabisa. Watoto wadogo wanashika zaidi kwa mtu aliye mbele yao kuliko kwa skrini.

fundi_wa_skrini:
Sasa umeacha Ubongo umehamia soksi.

shangazi_Kakamega:
Nimeruhusiwa kubadilisha nia, mimi si deki ya kampuni.

mwalimu_mstaafu_Bungoma:
Soksi naunga mkono. Ila papeti asiwe anajua kila kitu. Mfanye mjinga kidogo, achore mbuzi bila kichwa, mtoto ndiye amsahihishe. Na video ikija, wekeni fupi. Kwa wa miaka miwili hadi minne Shirika la Afya Duniani linasema isizidi saa moja kwa siku. Wako amevuka kidogo tu.

JamaaWaKondele:
Saa moja? Kwangu saa moja inaisha wakitafuta rimoti.

mama_wawili_Lanet:
Asanteni. Soksi nitashona leo usiku, ziko nyingi. Lakini shemeji amepiga, amesimama dukani huko sasa hivi, anauliza achukue moja ama mbili kwa sababu kuna punguzo. Nimwambie nini?

baba_mapacha_58:
Mwambie alete chokoleti.

fundi_wa_skrini:
Ngoja, usimjibu. Pindua deki, chini kuna kibandiko kina modeli. Niandikie hizo herufi na nambari zote nikuangalizie kama inafunguka kwa rimoti.

mama_wawili_Lanet:
Deki iko kwa mama mkwe, Njoro. Nampigia achungulie, lakini anasema stima imepotea na hataki kuguza kitu cha umeme gizani.

fundi_wa_skrini:
Si stima imepotea? Atashikwa na nini?