Kupima mwendo wa gari kwa sauti: namba za king'ora hazishikiki

Mwl_Kimara: Wakuu, nataka wanafunzi wa kidato cha sita wakadirie mwendo wa magari kwa kurekodi sauti kwa simu, pembeni ya Barabara ya Morogoro. King'ora cha gari la wagonjwa kinatuvuruga: Hz (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde) zinapanda na kushuka hata gari likiwa mbali. Tatizo liko wapi?

Mitetemo: Mwalimu, king'ora achana nacho. Kinapanda na kushuka chenyewe hata gari likiwa limesimama, hivyo huwezi kujua lipi limetokana na mwendo. Tafuta honi iliyoshikiliwa tangu gari linakuja mpaka limeshapita. Gari likija Hz zinasikika juu kuliko za honi yenyewe, likienda zinasikika chini. Soma Hz likija (f1) na likienda (f2):

mwendo = kasi ya sauti × (f1 − f2) ÷ (f1 + f2)

Kwa joto la nyuzi 30 la hapa Dar, kasi ya sauti ni kama mita 349 kwa sekunde, msitumie 330. Mkipata 420 na 382, jibu ni mita 16.5 kwa sekunde, karibu kilomita 60 kwa saa. Raha yake ni kwamba Hz za honi yenyewe huzihitaji.

Jombi_wa_Fizikia: Hapo hapo pana mtego. Wengi hudhani sauti huzidi kuwa nyembamba (Hz kupanda) kadiri gari linavyosogea. Kinachozidi ni ukubwa wake tu. Wembamba uko juu tangu mwanzo, kisha unaporomoka gari likikupita, kwa sababu kinachohesabika ni ile sehemu ya mwendo inayoelekea kwako. Likiwa ubavuni kwako, sehemu hiyo ni sifuri. Mkisimama mita 4 kutoka barabarani, someni gari likiwa mita 20 au zaidi.

Angalieni na programu ya simu. Ikichambua sampuli (vipimo vya sauti) 8192 kwa mkupuo, kati ya 44,100 inazochukua kila sekunde, inasoma kwa hatua za Hz 5.4. Kukosea hatua moja ni kilomita 8 hivi kwa saa! Someni mstari wa tatu wa honi kwenye programu, yaani sauti yake yenye Hz mara tatu ya ile ya chini, karibu na Hz 1200. Kosa linabaki theluthi.

Mitetemo: Kabla ya barabarani, anzeni uwanjani. Baza (kifaa kidogo cha umeme kinacholia) ya Hz 3000 na betri yake, vifungwe imara kwenye kamba ya mita 1, izungushwe mara 2 kwa sekunde. Walio pembeni watasikia kati ya 2896 na 3112.

Mwl_Kimara: Na anayezungusha?

Mitetemo: 3000 tupu. Baza haimsogelei wala haimkimbii.