Hewa ukaa kwenye tangi la mimea kwa mara ya kwanza: nianzie wapi?

rotala_pwani:
Habari wakuu. Nina tangi la sm 60 x 30 x 36, maji kama lita 55 ukitoa mchanga na mawe. Taa ya LED inawaka saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni. Mmea wa Anubias hauna shida, ila Rotala inapukutisha majani ya chini na Monte Carlo, mmea wa kutandaza chini, imegoma kutambaa. Nataka kufunga hewa ukaa. Mtungi wa kizimamoto unafaa? Mapovu mangapi kwa sekunde? Na je, hamira na sukari haitoshi kwa tangi dogo hivi? Ndani kuna samaki 12 aina ya neon tetra.

fundi_valvu:
Mkuu, kizimamoto achana nacho. Ndani kina bomba linalofika chini ya mtungi, makusudi kitoe kimiminika, si gesi. Kimiminika kikiingia kwenye regulata (kifaa cha kupunguza presha ya mtungi) kinagandisha viungo na mipira, na presha inaweza kupita hadi kwenye tangi. Kwa sababu hiyohiyo mtungi wowote usimame wima, usilazwe kabatini.

Tafuta mtungi wa kilo 2, wa mashine za vinywaji au wa mafundi wa kuchomelea, wenye tarehe ya kupimwa imegongwa shingoni. Angalia hesi ya valvu kabla ya kuagiza regulata: W21.8 ni ya Ulaya, CGA320 ni ya Marekani, na hazifungani. Regulata iwe na solenoidi (valvu inayofunguka na kufunga kwa umeme) na valvu ya sindano ya kurekebisha gesi kidogo kidogo.

Kwenye mtungi kinachoziba ni washa (pete ya kuzibia), si hesi, kwa hiyo usizungushe tepu ya mabomba pale. Kaza kwa spana. Funga valvu ya sindano, legeza kitasa cha regulata, kisha fungua mtungi taratibu. Panda hadi bar 2 upande wa kutolea, washa solenoidi, ndipo ufungue sindano kidogo kidogo. Solenoidi ikipata joto usishtuke, ndivyo ilivyo.

Chekivalvu (valvu ya njia moja) iwe nje ya tangi, mshale ukielekea kwenye maji. Bila hiyo, gesi ikizimwa maji yanarudi kwenye mpira hadi kwenye regulata.

kijani_tupu:
Kuhusu mapovu: povu la kihesabio kimoja (kichupa cha kuhesabia mapovu) si sawa na la kingine, kwa hiyo namba ya mwenzako haikusaidii. Anza na povu 1 kila sekunde 2. Weka ndani ya tangi kipimo cha rangi chenye maji ya 4 dKH (kiwango cha ugumu wa kaboneti), usikijaze maji ya tangi. Bluu ni gesi kidogo, kijani ni karibu mg 30 kwa lita, njano umezidisha. Rangi inachelewa kama saa 2, basi usiguse sindano kila dakika 10. Ongeza mara moja kwa siku, siku ambayo upo nyumbani.

Taima iwashe solenoidi saa 2 na nusu asubuhi na kuizima saa 11 jioni. Usiku mimea haitumii gesi hiyo. Neon wakipanda juu kuhema, zima gesi na washa pampu ya hewa papo hapo. Difyuza, kile kifaa cha kusaga gesi kuwa mapovu madogo, iwe chini, mkondo wa filta usambaze mapovu.

sukari_na_hamira:
Hamira inafanya kazi: chupa ya lita 2, sukari gramu 200, hamira nusu kijiko cha chai. Tatizo ni kwamba haizimiki usiku, na kwa joto la Pwani inafoka siku za mwanzo kisha inalegea. Gesi inayopanda na kushuka ndiyo inayokaribisha mwani mweusi wa manyoya. Afadhali sitriki asidi na bikaboneti, gramu 200 kwa 200, kwenye chupa mbili zenye kifuniko cha valvu. Usitumie chupa ya maji ya kunywa, ni laini mno. Iwe ya soda.

rotala_pwani:
Asanteni. Nimefunga mtungi wa kilo 2, povu 1 kwa sekunde, rangi ni kijani. Ila mtungi umeisha siku ya 9! Geji ilisoma bar 60 muda wote, ghafla sifuri.

fundi_valvu:
Hapo panavuja. Kwa kasi hiyo kilo 2 ni za miezi. Paka povu la sabuni ya vyombo kwenye washa, kihesabio na kila kiungo, presha ikiwa ndani. Kama mpira ni wa silikoni, badilisha kwa poliuretheni, silikoni inapitisha gesi.

Geji haikudanganya: maadamu kimiminika kimo, presha inafuata joto la chumba, si kiasi kilichobaki. Pima kwa mizani. Na ukijaza upya, wasizidishe uzito uliogongwa kwenye mtungi. Juu ya nyuzi 31 kimiminika hakipo tena, na mtungi uliojazwa kupita kiasi presha yake inapanda haraka mno.