Westani bloti (kusaka protini kwenye utando kwa kingamwili): utando unatoka mtupu wiki ya tatu, niagize kingamwili mpya?

BintiMaabara: Habari za jioni wakuu. Nafanya uzamili, bendi (mstari wa protini ninayoisaka) siioni hata moja. Nikipaka Ponseu, rangi ya kuonyesha protini zote, protini zimehamia vizuri, mistari myekundu imejipanga. Nikifika kwenye ECL, dawa ya kung'arisha bendi, picha tupu. Hata aktini, protini ya kulinganishia, haitoki! Nataka kuagiza kingamwili mpya ya kwanza (ile inayoshika protini) kwa pesa zangu za akiba. Niagize?

MzeeWaJeli: Dada, wakati wa kuhamisha protini, jeli upande wa hasi, utando upande wa chanya. Sisi tuliwahi kugeuza, protini zote zikaishia kwenye bafa. Mwenzetu alilia hadi jioni.

MamaPipeti: Mzee, kasema Ponseu imeshika. Dada, kama na aktini imegoma, ya kwanza unaionea. Angalia kinachotumika kote: kingamwili ya pili (inayoshika ya kwanza) na ECL. Ya pili unaiandaaje?

BintiMaabara: 1:5000, kwenye maziwa asilimia 5, kama kila mtu.

Mnyenyekevu: Vijana haraka nyingi. Osheni utando dakika kumi mara tatu, msikate kona.

MamaPipeti: Unaandaa mpya kila mara, au unarudia?

BintiMaabara: Narudia. Jamani ni ghali, na kuisubiri ni miezi. Nimeirithi kwenye chupa imeandikwa kwa kalamu ya kijani "usimwage". Ina sodiamu azaidi asilimia 0.02 isiote ukungu. Ya kwanza naihifadhi hivyohivyo, mbona wengi wanafanya? Bei nimeshaulizia.

Pweza_77: Hii ni ya kutunga. Mtu wa uzamili asijue azaidi inazima HRP, kimeng'enya kilichobandikwa kwenye ya pili ili kuwasha ECL? Huyo ana swali la mtihani.

BintiMaabara: Kaka, sijatunga. Hakuna aliyewahi kuniambia.

MamaPipeti: Pweza, mwache. Hata mimi niliambiwa nikiwa nimeshapoteza sampuli. Ya kwanza haina HRP, na utando unaoshwa kabla ya ya pili, ndiyo maana azaidi huko haidhuru. Dada, ingia chumba cha giza. ECL kidogo kwenye tyubu, dondosha hiyo ya pili. Ikiwa hai, itang'aa bluu.

BintiMaabara: Nimetoka sasa hivi. Ya chupa ya "usimwage": giza. Nikaomba tone kwa maabara ya jirani, isiyo na azaidi: bluu, hadi nikaona kucha zangu. Siagizi ya kwanza. Kesho naomba ya pili.

MzeeWaJeli: Na chupa?

BintiMaabara: Nimeiandikia "azaidi, si ya HRP". Kuimwaga mpaka nimuulize fundi, azaidi haimwagwi kwenye sinki.