Komenti yangu imekatwa nusu na watu wa kampeni, nifanyeje?

Kalamu Nyekundu
Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri maana hili jambo linaninyima usingizi. Kuna uzi mmoja wa mambo ya uchaguzi, jamaa akawa anatetea kwa nguvu zote kwamba watu ambao hawajasoma wasiruhusiwe kupiga kura, nikamjibu kwa kejeli, nanukuu: "Kweli kabisa, wasio na shule wasipige kura, na wenye njaa nao wakae nyumbani, tubaki sisi wenye vyeti tuchaguane wenyewe halafu tuone hiyo serikali itakuwa ya nani." Yeyote aliyeusoma uzi aliona kabisa kwamba namcheka.

Sasa akaunti moja ya wapambe wa upande wa pili wamepiga skrinshoti wakaikata pale pale kwenye "wakae nyumbani". Picha yangu ya profaili ina nembo ya mgombea ninayemkubali, basi juu wakaandika hivi ndivyo timu yake inavyowaona wananchi. Timu gani jamani? Mkutano wa kampeni wenyewe sijawahi kuhudhuria, mimi shabiki tu kama wengine. Lakini inasambaa balaa na natukanwa na watu nisiowajua. Nifute? Nikanushe? Na kwanini inakubalika kirahisi hivi wakati uzi mzima upo wazi mtu yeyote anaweza kwenda kusoma?

nondo_za_chini
Usifute mkuu!! Ukifuta tu watasema umeficha ushahidi, na skrinshoti wanayo tayari, kwa hiyo utakachokuwa umefuta ni ile nusu inayokutetea. Piga skrinshoti ya uzi mzima sasa hivi kabla hujafanya chochote, na ile komenti ya jamaa uliyekuwa unamjibu usiiache, tarehe na saa zionekane. Huyo jamaa akiona moto unawaka atafuta ya kwake, na ya kwake ikitoka ya kwako inabaki imesimama peke yake kama vile uliamka asubuhi ukaropoka.

Kuhusu kukanusha, utakanusha nini? Maneno ni yako kweli. Ukisema "sikusema hivyo" wanakuonesha picha, unabaki muongo mara mbili.

Fundi Mitambo
Nimewahi kukaa kwenye dawati la mtandao la kampeni moja (sitasema ya nani na msiniulize) kwa hiyo ngoja nikueleze kwanini wewe.

Mgombea mwenyewe anachunga mdomo, hotuba yake imepitiwa na watu kabla hajapanda jukwaani. Shabiki hachungi. Ndo maana kuna vijana kazi yao kutwa nzima ni kusoma komenti za mashabiki wa upande ule, wanatafuta sentensi moja tu inayonuka. Wakiipata haitolewi na akaunti ya chama, hapana, inaanzia kwenye kiakaunti kidogo kisicho na mwenyewe, kinachukua chenye wafuasi wengi kidogo, halafu msemaji anakuja kwa upole kabisa anasema "tumeona maneno yanayosambaa mtandaoni na tumesikitishwa". Hapo mwandishi wa habari anampigia simu mgombea wako kuuliza anasemaje. Akijibu, jibu lake ni habari, akinyamaza, ukimya wake ni habari. Wewe uliyeandika hata hawakukumbuki tena.

Na swali lako kwamba uzi upo wazi kila mtu anaweza kusoma, nani anaenda? Anayeiona hiyo picha anaiona katikati ya mambo mengine hamsini, linki haipo, na mara nyingi alishakuwa anamchukia mgombea wako kabla hata ya wewe kuandika. Amepewa sababu tu.

Halafu msidhani haya ni ya watu wadogo tu. Novemba 2011 kampeni ya Mitt Romney, aliyekuwa anautaka urais wa Marekani dhidi ya Obama, ilitoa tangazo ambalo Obama anasikika akisema tukiendelea kuzungumzia uchumi tutashindwa. Sauti ni yake kweli. Ila ile klipu ni ya 2008, na alichokuwa anafanya ni kunukuu maneno ya kambi ya McCain, mpinzani wake wa mwaka huo, ili awakosoe, wakakata kipande kinachosema haya ni maneno ya McCain. Walipobanwa hawakutoa hata jasho, kampeni ilishapata ilichotaka, watu wote wanabishana kuhusu tangazo lao.

Mama Hoja
Pole Kalamu, ila ngoja niwe mkorofi kidogo. Mbona kila mwanasiasa akibanwa anasema "nimenukuliwa vibaya, mmeniondolea muktadha"? Hiyo nayo imekuwa kichaka cha kujificha. Huyo huyo Romney, Septemba 2012 ikatoka video aliyorekodiwa kwa siri Mei mwaka ule kwenye hafla ya wachangiaji wake, anasema asilimia 47 ya wapiga kura watampigia Obama vyovyote iwavyo, watu wanaoitegemea serikali na wanaojiona ni wahanga, na kazi yake si kuhangaika nao. Ikaja kutolewa video ndefu, na ukiisikiliza yote maana ni ile ile. Kwanza alisema tu kwamba hakulieleza vizuri, hadi Oktoba ndo akakubali kwamba alikosea kabisa. Kwa hiyo muktadha mara nyingine unakuzika badala ya kukuokoa, tusiwe tunawaonea huruma wote.

Na kejeli kwenye maandishi ni hatari mdogo wangu, sauti haipo, uso haupo. Komenti yako ukiikata popote kabla ya mwisho inasomeka kama ya mtu mwenye dharau. Kipande cha kejeli kinachokuokoa umekiweka mkiani na mkia ndo unakatika kwanza.

nondo_za_chini
Mama Hoja nakubali kwa Romney, ila kipimo si ndo hicho hicho? Weka yote hadharani uone maana inabadilika au haibadiliki. Kwa Kalamu inageuka kabisa.

Kesi yenye kufanana na hii ni ya Shirley Sherrod, 2010, mwaka wa uchaguzi wa bunge la Marekani. Mama mweusi, afisa wa wizara ya kilimo kule Georgia. Mwezi Machi alihutubia kwenye hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi kule Marekani, Julai bloga Andrew Breitbart akarusha kipande cha hotuba ambapo mama anasema hakumsaidia mkulima mzungu kwa uwezo wake wote. Siku hiyo hiyo akatakiwa ajiuzulu, mwenyewe anasimulia alipigiwa simu akiwa barabarani akaambiwa aegeshe gari aandike barua hapo hapo. NAACP nao wakamlaani. Kesho yake ikatoka hotuba nzima, kumbe alikuwa anasimulia jambo la zaidi ya miaka 20 nyuma, namna alivyoishinda chuki yake mwenyewe akamsaidia yule mkulima asipoteze shamba, na mke wa mkulima akajitokeza kumtetea. Wizara ikaomba radhi ikampa kazi nyingine, akaikataa.

Hapo kinachoniuma ni kwamba hafla ilikuwa ya NAACP wenyewe. Video nzima walikuwa nayo wao! Wakalaani kwanza ndo wakaangalia baadaye, kwa sababu ya kuogopa kuonekana wanamlinda.

Kalamu Nyekundu
Asanteni sana wakuu. Nondo uliona mbali, yule jamaa kafuta komenti yake usiku, bahati nzuri nilishaipiga picha baada ya kusoma ushauri wako. Mama Hoja umenichana lakini nimeelewa.

Sasa, kuna mtu kaniambia niwatafute watu wa mgombea wangu wanisafishe, maana wana majukwaa makubwa. Mnaonaje? Na hii imeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, huko nafanyaje?

Fundi Mitambo
Watakuruka. Siyo ubaya wao, hesabu tu. Wakikutetea wanakubali kwamba wewe ni wa kwao, na hilo ndilo wapinzani walilokuwa wanalitafuta tangu mwanzo. Watasema "huyo hatumfahamu", na kwa kweli hawakufahamu. Kwanza toa hiyo nembo kwenye profaili kwa muda, lakini SIYO leo, ukiitoa leo itapigwa picha nayo.

Andika posti moja. Moja tu, usianze kugombana na kila anayekutukana maana kila jibu lako linaipandisha ile picha juu tena. Usifungue kwa kurudia maneno yao ("mimi si mtu anayedharau wananchi") manake anayesoma mstari wa kwanza tu anaondoka na neno dharau na jina lako. Anza na unachokiamini, kila mtu apige kura, aliyesoma na asiyesoma. Chini yake weka picha ya mazungumzo yote, ya jamaa na yako. Ndo uje useme kipi kilikatwa na kilikatwa wapi. Basi funga.

WhatsApp ni ngumu, nisikudanganye. Ujumbe uliopelekwa mara nyingi wameuwekea kikomo, tangu 2020 unapeleka kwenye soga moja tu kwa wakati, lakini mtu akiihifadhi ile picha kwenye simu akaituma upya inaonekana kama mpya kabisa. Huwezi kuikimbiza.

Mama Hoja
Kuikimbiza hawezi, ila ana ndugu, ana marafiki, ana wenzake wa kazini. Watumie hao picha ya mazungumzo yote mmoja mmoja wewe mwenyewe, kabla hawajaipata nusu kutoka kwa mtu mwingine. Anayekufahamu akiikuta kwenye grupu ataijibu pale pale, na kwenye grupu mtu anamsikiliza mtu anayemjua kuliko posti yako ya hadharani. Halafu fanya leo, usingoje siku za mwisho za kampeni. Slovakia 2023 sauti ya kutengenezwa ya mgombea Michal Šimečka ilitoka siku mbili kabla ya kura, katika zile saa 48 ambazo kwao kampeni haziruhusiwi, akabaki anakanusha wakati wa kujitetea umeshafinywa.

Kalamu Nyekundu
Sawa dada, nimeanza na shemeji yangu maana yeye ndo admini wa grupu la ukoo na ni wa upande ule mwingine. Kajibu "nilijua tu si wewe", ila bado hajaifuta kwenye grupu.